Obafemi Awolowo na theluthi mbili ya Kano

Ukifundisha sheria ya katiba kwa muda, utagundua kwamba Obafemi Awolowo hakuachi. Yumo kwenye kesi ya wakili aliyezuiwa kuingia nchini. Yumo kwenye kesi ya njama za kuipindua serikali. Yumo kwenye kesi ya uchaguzi wa rais ambayo Wanijeria wanaibishania hadi leo. Alikuwa wakili kwa taaluma, lakini katika kesi hizo alisimama kama mwenye shauri au mshtakiwa, na zote zikamwendea vibaya. Wasifu wake mwingi husimuliwa kwa vyeo alivyoshika. Mimi naona mtu huyu anaeleweka vizuri zaidi ukimfuata mahakamani.

Alizaliwa Ikenne, kusini-magharibi mwa Nigeria, tarehe 6 Machi 1909. Baba yake, mkulima, alifariki yeye akiwa bado mtoto, na tangu hapo masomo yakawa ya kuungaunga. Alifundisha shule, akafanya ukarani, akaandika habari magazetini, akafanya biashara ya kakao na usafirishaji, na akaonja hasara. Digrii ya kwanza, ya biashara, aliipata mwaka 1944 kama mtahiniwa wa nje wa Chuo Kikuu cha London, akiwa bado nyumbani Nigeria. Mwaka huohuo akaenda Uingereza kusomea sheria, na Novemba 1946 akakubaliwa kuwa wakili kupitia Inner Temple, mojawapo ya vyama vya mawakili vya London. Alikuwa na miaka 37 na familia ikimsubiri nyumbani. Umri huo una maana kwangu. Aliingia kwenye sheria akiwa anajua bei ya kakao, deni la benki na mshahara wa karani, na nadhani ndiyo sababu siasa zake zilikuwa za hesabu na ratiba kuliko za hotuba.

Akafungua ofisi ya uwakili Ibadan. Mwaka 1949 akaanzisha gazeti la Nigerian Tribune, mwaka 1951 chama cha Action Group kikazinduliwa Owo, na mwaka 1954 akawa Waziri Kiongozi wa Kanda ya Magharibi. Januari 1955 serikali yake ilianza kutoa elimu ya msingi bure kwa watoto wote wa kanda, ikitegemea sana fedha za kakao. Mwaka 1959 Ibadan ikapata kituo cha televisheni kabla ya miji mingi ya Afrika kuota jambo hilo. Kwa maoni yangu uongozi huo wa kanda ndio kazi yake bora ya kisheria. Tangu kitabu alichochapisha 1947 alishikilia kwamba Nigeria haiwezi kuendeshwa ila kwa shirikisho, kila kanda ikiwa na mamlaka na mapato yake. Alipopata madaraka alionyesha kanda yenye mamlaka ya kweli inaweza kufanya nini.

Mwaka 1959 alitoka kwenye kanda akagombea uongozi wa nchi nzima. Hakuupata. Akawa kiongozi wa upinzani katika bunge la shirikisho, na nafasi yake ya Waziri Kiongozi, Ibadan, akaichukua Samuel Akintola wa chama chake. Wawili hao wakatofautiana, na Mei 1962 ugomvi wao ukapasua chama. Gavana wa kanda, Sir Adesoji Aderemi, alipokea barua iliyosainiwa na wabunge 66, zaidi ya nusu, wakisema hawamuungi mkono Akintola tena. Akamwondoa. Siku chache baadaye viti vilirushwa ndani ya bunge la kanda, polisi wakaingia na mabomu ya machozi, na serikali ya shirikisho ikatangaza hali ya hatari.

Swali la kisheria lilikuwa hili: je, gavana anaweza kujiridhisha kwa barua kwamba kiongozi amepoteza wingi, au lazima kura ipigwe ndani ya bunge? Mahakama ya Juu ya shirikisho ilisema lazima kura ipigwe. Mei 1963 Privy Council ya London, iliyokuwa bado mahakama ya mwisho ya rufaa kwa Nigeria, ikatengua hukumu hiyo: barua inatosha. Upande wa Awolowo ukawa umeshinda, kwenye karatasi. Katiba ya kanda ikabadilishwa haraka na mabadiliko yakarudishwa nyuma hadi 1960, hukumu ikabaki haina cha kushika. Oktoba mwaka huo Nigeria ikawa jamhuri na rufaa za kwenda London zikakoma. Wanafunzi wangu huuliza kama hilo liliruhusiwa. Liliruhusiwa. Chombo chenye mamlaka ya kutunga sheria kilitunga sheria, na ndiyo maana kesi hii inatisha.

Wakati rufaa hiyo inasubiri, Awolowo mwenyewe alikuwa ameshakamatwa. Novemba 1962 alishtakiwa pamoja na wenzake kwa kula njama ya kuiangusha serikali kwa nguvu. Katiba ilimpa mshtakiwa haki ya kujitetea mwenyewe au kwa wakili wa chaguo lake. Alimchagua E. F. N. Gratiaen, wakili mwandamizi aliyewahi kuwa jaji Ceylon, Sri Lanka ya leo. Waziri wa mambo ya ndani akamkatalia Gratiaen kuingia nchini. Awolowo akaenda mahakamani, na Jaji Udo Udoma akaamua kwamba chaguo hilo lina mipaka: wakili lazima awe mtu asiye na kizuizi, na kama yuko nje ya nchi, awe na haki ya kuingia. Kwa hiyo serikali inayokushtaki ndiyo inayoamua ni wakili gani wa nje anaweza kukufikia. Uamuzi huo naupinga kila ninapousoma.

Jina la Udoma si geni kwa mwanasheria yeyote wa Afrika Mashariki. Mwaka 1963 alikwenda Uganda kuwa Jaji Mkuu, na ndiye aliyetoa hukumu ya kesi ya Matovu, ile iliyokubali kwamba katiba mpya ya Obote ilikuwa halali kwa sababu mapinduzi yalikuwa yamefanikiwa. Wala hakuwa Mnijeria wa kwanza kuja huku: miaka kumi kabla ya kesi ya Awolowo, wakili Mnijeria H. O. Davies alikuwa kwenye jopo lililomtetea Jomo Kenyatta Kapenguria. Serikali ya kikoloni ya Kenya ilimwacha Mnijeria aingie kumtetea Kenyatta, halafu Nigeria huru ikamzuia wakili wa Awolowo mlangoni.

Septemba 1963 Jaji Sowemimo alimhukumu kifungo cha miaka 10, akisema mikono yake imefungwa. Alikaa gerezani Calabar akisoma na kuandika juu ya katiba, hadi Agosti 1966 Yakubu Gowon, kiongozi mpya wa kijeshi, alipomwachia.

Kipindi kilichofuata ndicho kigumu kwangu kukitetea, na sijaribu. Wakati wa vita vya Biafra, eneo la mashariki lenye Waigbo wengi lililotaka kujitenga, alikuwa kamishna wa fedha wa shirikisho na makamu mwenyekiti wa baraza la utawala. Alisimamia uchumi wa vita kwa umakini mkubwa, na baadaye akatetea hadharani uamuzi wa kuzuia chakula kisipelekwe Biafra, kwa hoja kwamba kilikuwa kinaishia mikononi mwa askari. Vita vilipokwisha mwaka 1970, watu waliokuwa wameweka pesa benki upande wa Biafra walilipwa pauni 20 kila mmoja, hata kama akiba yao ilikuwa kubwa kiasi gani. Waigbo wengi hawajamsamehe, na ukitazama familia iliyoanza upya kwa pauni 20 huwezi kuwalaumu. Mtu yuleyule aliyelipia shule za watoto wote wa Magharibi aliweza kutazama rejista ya benki na kuona hesabu tu.

Halafu ikaja 1979. Jeshi lilikuwa linakabidhi madaraka kwa raia. Sheria ya uchaguzi ilitaka mshindi apate kura nyingi kuliko wengine, na pia angalau robo ya kura katika kila moja ya angalau theluthi mbili ya majimbo yote. Majimbo yalikuwa 19. Shehu Shagari alipata kura 5,688,857, Awolowo 4,916,651. Shagari alivuka robo katika majimbo 12. La kumi na tatu lingekuwa Kano, na huko alipata asilimia 19.94.

Richard Akinjide, mwanasheria wa chama cha Shagari, akaja na hoja: theluthi mbili ya 19 ni 12 na theluthi mbili, kwa hiyo Kano ihesabiwe theluthi mbili tu. Twende nayo taratibu. Kura zote za Kano zilikuwa 1,220,763. Theluthi mbili yake ni 813,842, na robo ya hiyo ni kama 203,460. Shagari alikuwa na kura 243,423 Kano, kwa hiyo amepita. Lakini hizo 243,423 ni kura zake za Kano nzima. Ukikata jimbo, kata na kura zake: theluthi mbili ni 162,282, na anabaki palepale kwenye asilimia 19.94. Hoja ilipunguza kipimo ikaacha kinachopimwa kizima.

Hata hivyo Shagari alitangazwa mshindi, na Awolowo akaenda mahakamani. Tarehe 26 Septemba 1979, siku tano kabla ya makabidhiano, Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu Fatayi-Williams ilitupa rufaa ya Awolowo. Jaji Kayode Eso alipinga: jimbo ni chombo kimoja cha kisheria, halikatwi vipande. Naamini Eso alikuwa sahihi. Sheria ilisema katika *kila moja* ya majimbo, na huwezi kusema kila moja ukiwa unazungumzia kipande. Akinjide akawa mwanasheria mkuu wa serikali mpya.

Awolowo aligombea tena 1983, akashindwa tena na Shagari, na miezi michache baadaye jeshi likarudi. Alifariki Ikenne tarehe 9 Mei 1987. Chuo kikuu cha Ife kinaitwa kwa jina lake, na sura yake iko kwenye noti ya naira 100.

Nigeria sasa ina majimbo 36, theluthi mbili ni 24 kamili, na tatizo la sehemu limeondoka lenyewe. Sharti la robo halijaondoka. Mwaka 2023 mabishano yalihamia Abuja: je, mshindi lazima apate robo ya kura katika mji mkuu pia, mbali na majimbo 24? Mahakama ya Juu ikasema si lazima. Kenya nayo inadai asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti. Nusu ya 47 ni 23 na nusu, lakini kwa kuwa Ibara ya 138 inasema zaidi ya nusu, jibu ni 24 na hakuna kaunti ya kukatwa vipande.