Meza ya bao yenye kioo cha kuinuliwa

Kuna mzee mtaani kwetu hapa Lamu alinijia karakana akasema fundi, nataka meza ya kahawa ya sebuleni lakini ndani iwe na bao, manake yeye na wenzake wanacheza kuanzia alasiri, magharibi ikiadhiniwa wanainuka kwenda msikitini, wakirudi wajukuu washatawanya kete na hapo ndo ugomvi, kila mmoja anaapa nyumba yake, lile shimo lake kuu, ilikua na kete kumi na mbili. Nkamwambia hiyo dawa yake kioo tu, unafunika mchezo vile vile ulivyo.

Bao lina mashimo 32, safu nne za manane, na kete 64. Kila shimo nalitengea sentimita 7, kwa hivyo ubao ni 56 kwa 28, afu pembeni naacha nafasi ya kete za mkononi, manake mwanzo kila mtu anashika 22 na hizo lazima zikae mahali. Nkaishia na uwazi wa 90 kwa 50. Ubao nimeushusha sentimita 4 chini ya kioo, sababu nyumba ikijaa kete zinapanda juu ya shimo, kioo kikizigusa zinaporomokea shimo la jirani na kazi yako yote imekua bure.

Meza ya kwanza niliikosea bana. Niliichonga wakati wa kaskazi mbao imekauka vizuri, kioo nkakikata kikae barabara bila mwanya, nkajisifu. Masika kuingia fremu ikavimba ikakibana, kutoa hakitoki, nkajaribu kukichokonoa na bisibisi kona ikapasuka. Mbao inavimba kwa upana wa nyuzi, kwa urefu karibu haisogei, na kioo hakikupi hata nywele moja. Sahii naacha milimita 3 kila upande na silali na wasiwasi.

Unene wa kioo je? Mita moja ya mraba, kila milimita ya unene ni kilo mbili na nusu. Kwa saizi hii milimita 8 ni kilo 9, ya 6 haifiki 7. Wanaoinua ni wazee, nkachukua 6 ya tempa, ile ikivunjika inakua punje punje. Lakini tempa ikishachomwa haikatiki tena, kwa hivyo kata plaiwudi kwanza, ijaribu kwenye fremu, ndo upeleke vipimo. Kutoka jeti, pale boti zinapofunga, kioo kilibebwa na vijana wawili kikiwa wima, punda sikumwamini.

Fremu ichonge nusu mwezi pande mbili vidole vipite, kona weka raba nyembamba hewa iingie ukungu usishike, na skrubu ziwe za shaba, za chuma chumvi itazila.

Mwenzake yule mzee ashaniagiza meza ya drafti. Hiyo haina mashimo, inachezwa na visoda, sentimita mbili chini ya kioo zinatosha hata kisoda kikipandishwa juu ya mwenzake.