Lisa Carrington na maneno ya watu kuhusu kayaki

Mwanamke huyu wa New Zealand ana dhahabu 8 za Olimpiki katika mbio za kayaki, mtumbwi mwembamba wa kupigwa kafi, na bado habari zake husimuliwa kombo.

"Ni mpiga makasia." Siye. Mpiga makasia huenda kinyumenyume. Wa kayaki hutazama mbele, na kafi yake ni moja, ina bapa huku na huku.

"Kazi yote ni ya mikono." Kosa hili limeenea kuliko yote, maana macho ya watazamaji huishia mabegani. Ungemwona miguu! Kafi ikizama upande wa kulia, mguu wa kulia unasukuma kibao kilicho mbele yake, nyonga inazunguka, mgongo unafuata. Mkono hapo ni kama kamba tu ya kufungia kafi kwenye mwili.

"Uokoaji wa ufukweni ni kukaa na filimbi." Ōhope, alikokulia Carrington, bahari iko wazi na mawimbi yanapiga kwelikweli. Klabu za waokoaji wa nchi ile hushindana kuogelea, kukimbia mchangani na kupiga kafi kwenye surf ski, chombo kirefu kinachokaliwa juu, ukipasua mawimbi kwenda na kurudi. Mtoto aliyepitia huko, kama Carrington, hafundishwi tena kuogopa au kutoogopa maji.

"Basi maji matulivu yalikuwa mteremko." Thubutu! Kayaki ya mbio ya mtu mmoja, K1, haizidi mita 5.2 kwa urefu, uzito wake wa chini kabisa unaoruhusiwa ni kilo 12 tu, na ni nyembamba mno. Haina matengo ya kuizuia kama ngalawa. Ukiacha kupiga kafi, inayumba. Wengi wanaotoka surf ski huanza kwa kupinduka na kuoga. Na Carrington aliigeukia akiwa na miaka 16 hivi.

"Ni wa mita 200 tu." Hili angalau lina chanzo. Alitwaa ubingwa wa dunia wa umbali huo mwaka 2011, kisha dhahabu London 2012, kwa sekunde 44 na ushei, na Rio 2016. Lakini Rio hiyohiyo alipata shaba ya mita 500. Tokyo, mwaka 2021, akachukua dhahabu 3, mbili kati yake siku moja. Kufika Paris 2024, mita 200 za kayaki zilikuwa zimeondolewa kwenye ratiba. Akashinda mita 500 akiwa peke yake, wakiwa wawili, na wakiwa wanne.