Karagosi jitu ni nini?

Karagosi jitu ni umbo la mtu, mnyama au kiumbe cha kubuni, kubwa kuliko mtu wa kawaida, lenye viungo vinavyopinda na linaloendeshwa na watu barabarani ili litende kama lina uhai. Sanamu kubwa iliyosimamishwa uwanjani si karagosi. Karagosi hugeuka kukutazama, husita, huinama kumsalimu mtoto.

Uhai huo unaanzia kwenye pumzi. Kundi la wachezesha karagosi la Handspring la Cape Town, lililoanzishwa mwaka 1981, hushikilia kwamba karagosi lazima kwanza lipumue. Hata likisimama kimya, kifua chake hupanda na kushuka, na ndipo mtazamaji anapoanza kuliamini. Wachezeshaji wenyewe hawajifichi. Unawaona wazi, lakini baada ya muda mfupi macho yako yanahamia usoni pa jitu na kubaki huko. Kwangu mimi huo ndio moyo wa sanaa hii, kuliko urefu.

Mfano bora ni Amal, binti mwenye urefu wa mita 3.5 aliyeundwa na kundi hilohilo. Katika hadithi yake ni mtoto mkimbizi kutoka Syria anayemtafuta mama yake. Mwaka 2021 alitembezwa kutoka Gaziantep, Uturuki, hadi Manchester, Uingereza, safari ya kilomita zipatazo 8,000. Mchezeshaji mmoja yumo ndani yake akitembea juu ya magongo marefu, akiongoza kichwa na uso kwa nyuzi. Wengine wanashika mikono na kumwegemeza mgongoni. Mtu wa Kigoma hahitaji kuelezwa sana maana ya mtoto huyo. Kambi ya Nyarugusu imekuwapo Kasulu tangu 1996, na wengi wetu tumesoma, tumefanya biashara au tumesali pamoja na watu waliofika hapa kwa miguu au kwa boti.

Si lazima jitu liwe la gharama. Tembo wa mbao wa kundi la Ufaransa la Royal de Luxe, aliyepita mitaa ya London mwaka 2006, alikaribia mita 12 na alihitaji mitambo. Aina rahisi huvaliwa mgongoni: fremu ya mianzi yenye mikanda ya mabegani, kichwa juu yake, na wasaidizi wawili wanaosukuma mikono kwa fito. Kichwa ni vipande vya magazeti vilivyobandikwa tabaka juu ya tabaka, na uji mzito wa unga wa muhogo unatosha kuwa gundi. Kiwe chepesi kadiri iwezekanavyo, maana kilo moja iliyo juu kabisa humyumbisha mbebaji kuliko kilo kadhaa za kiunoni. Nguo nayo ipitishe hewa, la sivyo upepo wa ziwani utaligeuza jitu kuwa tanga.

Barabarani hakuna tiketi wala viti, na honi za bodaboda humeza maneno. Kwa hiyo hadithi husimuliwa kwa mwendo, na anayezungumza Kiha, Kibembe au Kirundi anaielewa sawasawa na mwenzake. Kuvuta umati kwa maumbo si jambo geni katika ukanda huu: Wasukuma, katika mashindano ya ngoma kati ya vyama vya Bagika na Bagalu, ambapo kundi lenye watazamaji wengi ndilo hushinda, wametumia hata sanamu za mbao kuwavuta watu upande wao.

Anayetaka kulipandisha jitu kutoka stesheni ya Kigoma kwenda Mwanga apite njia hiyo kwanza na fito yenye urefu wa jitu, aangalie nyaya za umeme, na apange mahali pa kupumzikia kwenye mlima. Mbebaji aliyechoka hukata pumzi, na jitu hukata pumzi pamoja naye.