Mfumo wa jua ni nini hasa, na kwa mtoto uanzie wapi

Mfumo wa jua ni jua lenyewe pamoja na kila kitu kinacholizunguka kwa sababu linakivuta. Humo kuna sayari nane na miezi yake, sayari kibete kama Pluto, asteroidi (yaani mawe yanayozunguka jua), kometi (mabonge ya barafu na vumbi) na vumbi jingi tu. Watoto wengi wanaanzishwa kwa kukariri, Zebaki, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Zohali, Uranusi, Neptuni, wanapata maksi zao, halafu ukimuuliza sasa hizi sayari mbona hazianguki, kimya. Mimi naona hilo swali ndo lilitakiwa liwe la kwanza kabisa, majina yatakuja tu.

Jibu lake ni hivi. Jua ni zito kupita maelezo, ukikusanya maada yote ya mfumo mzima zaidi ya asilimia 99 iko kwenye jua peke yake, kwa hiyo linavuta kila kitu kije kwake. Ila dunia nayo haijatulia, inakimbia kama kilometa 30 kwa sekunde, narudia, kwa sekunde sio kwa saa. Jua lisingekuwepo tungenyoosha moja kwa moja tukapotelea huko, na spidi isingekuwepo tungevutwa mpaka ndani ya jua. Vikikutana hivyo viwili, yaani kuvutwa na kukimbia, njia inapinda na kupinda mpaka inajirudia, na hiyo njia ndo inaitwa obiti.

Mpe mtoto jiwe alirushe mbele, sehemu ambayo hakuna watu. Akirusha taratibu linaanguka karibu, akiongeza nguvu linaanguka mbali zaidi. Sasa mwambie afikirie hewa haipo, na jiwe linaenda kasi sana kiasi kwamba kadiri linavyoanguka na dunia nayo inazidi kupinda chini yake kwa sababu ni duara, litafika chini lini? Hapo wengi wanalipata wenyewe, kwamba litazunguka. Mwezi unafanya hivyo hivyo kwetu, na satelaiti pia, zote zinaanguka muda wote ila hazifiki.

Akishaelewa hapo mengine yanafuatana. Sayari iliyo karibu na jua inavutwa zaidi kwa hiyo inakimbia zaidi, ndo maana Zebaki inamaliza mzunguko kwa siku 88 tu wakati Neptuni inahitaji karibu miaka 165, iligunduliwa 1846 na mzunguko wake wa kwanza tangu hapo imekuja kuumaliza 2011!

Kinachofuata ni umbali, na hapa michoro mingi inawapotosha watoto maana inapanga sayari zimebanana utafikiri zinagusana. Chukua mpira wa miguu useme hili ndo jua. Dunia inakuwa kipunje cha milimita 2 hivi, na inatakiwa ikae hatua kama 30 kutoka kwenye mpira. Mshtarii, ambayo ndo kubwa kuliko zote, inakuwa na upana wa sentimita 2 na kidogo na iko zaidi ya mita 120, Neptuni inafika mita 700 huko. Katikati hapo ni patupu, karibu hamna kitu. Na nyota iliyo jirani na jua kuliko zote, kwa vipimo hivyo hivyo, iko zaidi ya kilometa elfu 6. Fanyeni kwa miguu kweli, watembee, wahesabu hatua, kwa maneno matupu haiingii.

Kuna vitu viwili vinawachanganya sana hata wakubwa. Zebaki ndo iko karibu na jua ila yenye joto kali zaidi ni Zuhura, kama nyuzi joto 465 za Selsiasi, kwa sababu ina hewa nzito ya kabonidayoksaidi inayozuia joto lisitoke. Na majira ya mwaka hayaletwi na dunia kusogea karibu au mbali na jua, Januari ndo tunakuwa karibu zaidi na bado nusu ya kaskazini iko kwenye baridi, kinachofanya ni kwamba dunia imeinama upande kama nyuzi 23 na nusu, kwa hiyo nusu iliyoelekea jua ndo inapata joto zaidi. Pluto nayo iliondolewa kwenye orodha ya sayari 2006, haikupotea, ipo pale pale inazunguka.

Halafu sio lazima uwe na darubini ndo uanze. Zebaki, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali zote zinaonekana kwa macho, japo Zebaki inasumbua kwa kuwa haiachani na jua. Mtoto achore mwezi kila siku umbo lake na sehemu ulipo kwa mwezi mmoja, atauona ukijaa na kupungua kwa siku kama 29 na nusu. Jua lenyewe tu ndo asiliangalie moja kwa moja, na zaidi kabisa asilielekezee darubini isiyo na kichujio maalum, linaweza kumharibu macho moja kwa moja na wala hatasikia maumivu.