Kukanusha, kusuta, kuzindua

Wiki iliyopita nililetewa kipeperushi cha chanjo nikihariri. Kila penye neno la Kiingereza "debunk", mfasiri kaandika kukanusha. Nimeyafuta yote isipokuwa moja. Kijana wa watu kashangaa, maana ndilo neno analolisoma magazetini kila siku, basi namwandikia yeye na wenzetu wa kazi hii.

Kukanusha ni kusema "sivyo". Mkweli hukanusha na mwizi hukanusha, na hakuna anayelazimika kuonesha kitu. Neno la Kiingereza lina zaidi ya hapo. Mwaka 1820 mbunge wa Marekani, Felix Walker, aling'ang'ania kuhutubia ilhali wenzake wamechoka wanataka kura, akasema anazungumza kwa ajili ya Buncombe, wilaya yake huko North Carolina. Jina hilo likawa la maneno matupu, likafupishwa kuwa "bunk", na mwaka 1923 mwandishi William Woodward akalitia kiambishi cha kuondoa. Ni kuutoa upuuzi uliojificha ndani ya jambo.

Kiambishi cha kuondoa sisi tunacho, mwishoni mwa kitenzi: fumba, fumbua, tega, tegua, umba, umbua. Kumuumbua mtu ni kulivunja umbo alilojipa mbele za watu. Neno kali, ila linampiga mtu, na uongo wake unaweza kubaki mzima.

Kusuta kunafaa zaidi. Kwetu mtu akisikia kasemwa, humchukua aliyemletea maneno wakaenda pamoja kwa msemaji, uso kwa uso, kila mmoja arudie alichosema. Pasipo shahidi huo ni ugomvi tu. Ndiyo maana naandika bila wasiwasi: "Vipimo vya maabara vinayasuta madai hayo."

Lakini neno lililo moyoni mwangu ni kuzindua. Leo tunazindua miradi na vitabu, na wengi wamesahau kwamba nyumba au shamba lililotiwa kinga ya mganga huwa limezindikwa, na kuiondoa kinga ile ni kuzindua. Ndilo pia neno la kumwamsha aliyelala.

Mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi Zanzibar tangu Mapinduzi, nilikuwa mtoto Wete, Pemba. Popobawa, jini linalosemwa kuwavamia watu usiku vitandani, alizuka Pemba, habari zake zikavuka hadi Unguja. Watu walilala nje kwa makundi, moto umewashwa, wakiogopa kuingia vyumbani. Na hadithi yenyewe ilikuwa imezindikwa: ilisemwa kwamba anayekataa kuwa Popobawa yupo ndiye atakayejiwa. Hapo kukanusha kutafaa nini? Aliyekanusha mchana alionekana kajitafutia balaa, na usiku jirani zake wakamwogopea.

Bibi yangu hakukanusha. Mama mmoja wa jirani alikuja alfajiri akitetemeka, bibi akamkalisha kwenye mkeka.

"Mwanangu, ulilala chali?"

Ndiyo.

"Ukawa waona, wasikia, na mwili haunyanyuki? Kifua kizito kama umeekewa gunia?"

Ndiyo, bibi.

"Hilo jinamizi, mwanangu. Hata mamako likimkaba."

Nilimwona yule mama akishusha pumzi. Hakuna aliyemwambia kasema uongo, kwa sababu hakusema uongo: yaliyomkuta yalimkuta. Kilichoondoka ni jina lililomtisha.

Wataalamu wa usingizi wanalieleza jinamizi hivi: tukiwa tunaota, misuli hulegezwa ili tusizitende ndoto zetu, mara nyingine akili huamka kabla ya misuli kufunguliwa, na ndoto ikachanganyika na chumba halisi. Kulala chali huzidisha, na usingizi wa kukatikakatika pia. Wapo watafiti walioyaeleza mengi ya Popobawa kwa njia hiyo. Bibi hakuwa na elimu ya misuli. Alikuwa na neno, na aliuliza kabla ya kujibu.

Basi kile kipeperushi, kichwa chake kilikuwa "Tunakanusha uvumi kuhusu chanjo". Sasa kinaanza na "Umesikia nini kuhusu chanjo?", na chini yake kila uvumi umewekwa na kinachousuta. Kukanusha nimeliacha mahali pamoja: pale kituo cha afya kinaposema tangazo lililosambazwa kwa jina lake hakikulitoa.