Mtoto Aliyekamatwa na Bunduki Bado ni Mtoto

Kwenye benchi la muuza kahawa karibu na Mnara wa Saa hapa Arusha, mzee mmoja alishusha kikombe chake na kusema neno ambalo wengi wetu tumekua nalo: "Aliyeshika bunduki si mtoto tena." Neno hilo huniuma, kwa sababu sheria inasema vingine.

Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977, iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva ya 1949, yaani makubaliano ya mataifa kuhusu sheria za vita, inaeleza katika ibara ya 77 kwamba mtoto wa chini ya miaka 15 aliyeshiriki mapigano kisha akakamatwa anaendelea kupata ulinzi wa pekee, awe mfungwa wa vita au asiwe. Kwamba mtoto anayeshikiliwa atengwe na watu wazima, isipokuwa familia inapowekwa pamoja. Na kwamba adhabu ya kifo kwa kosa linalohusiana na vita hivyo isitekelezwe kwa aliyelitenda akiwa hajafikisha miaka 18. Itifaki ya Pili inaufikisha ulinzi huo wa pekee kwenye vita vya ndani ya nchi.

Si kwamba mtoto hawezi kushtakiwa popote. Mahakama za nchi zinaweza kumshtaki. Ila Mahakama ya Kimataifa ya Jinai haina mamlaka juu ya aliyetenda kosa kabla ya kutimiza miaka 18, na mtu wa kwanza iliyemtia hatiani, Thomas Lubanga, kiongozi wa kundi la wapiganaji huko Kongo, mwaka 2012, alikuwa mtu mzima aliyewaingiza watoto vitani.