S.L.P. ni nini, na kwa nini barua ya kijijini haifiki nyumbani

S.L.P. ni Sanduku la Posta, hilo kila mtu analijua, ila wengi tunaijaza kwenye fomu kana kwamba ndo mahali tunapoishi na sio kweli. Ni kijisanduku chenye namba na ufunguo wake pale ofisi ya posta mjini, kinalipiwa ada kila mwaka, na barua ya kawaida safari yake inaishia pale, kuifuata ni juu yako.

Wa mjini hapati shida sana. Sasa chukua mtu wa kijiji cha ndani kabisa huko wilaya ya Mbinga au Ngara hapa Tanzania, posta iko makao makuu ya wilaya, sanduku hana, kwa hiyo anaandika la shule ya msingi au la parokia. Barua inakaa humo mpaka mwalimu mkuu apate safari ya mjini, anafungua anabeba bahasha zote kwenye mkoba, kesho yake majina yanasomwa mstarini, mtoto wa jirani anaichomeka kwenye daftari aipeleke. Shule zikifungwa ndo basi tena. Kama ilikuwa ya kuitwa kwenye usaili au shaurini, tarehe imeshapita na huko ilikotoka wanahesabu kwamba mtu alijulishwa! Hili linaniuma kwa kweli, maana mwenyewe hana kosa lolote.

Ndo ikaja anwani ya makazi. Operesheni ilizinduliwa Februari 2022, kabla ya sensa ya Agosti mwaka huo, zikasimikwa nguzo za majina ya barabara na vibao vya namba za nyumba. Inaenda pamoja na postikodi, yaani namba ya posta ya eneo, tarakimu 5: ya kwanza kanda, ya pili mkoa, ya tatu wilaya, mbili za mwisho kata. Yaani inaishia kwenye kata, na kata ya vijijini inabeba vijiji kadhaa vilivyotenganishwa na mito na milima, kwa hiyo bila kitongoji au barabara na namba ya nyumba bado mtu atapotea.

Na hata vyote vikiwepo, anwani inasema tu nyumba iko wapi, haileti mtu wa kubeba barua. Masika barabara hazipitiki, nyumba zimetawanyika, na mafuta ya pikipiki kufikisha bahasha moja yanazidi bei ya stempu. Ndo maana mizigo watu wanapakia kwenye basi, boksi limezungushiwa selotepu, juu limeandikwa kwa maka peni jina, namba ya simu na mahali pa kushushwa, kondakta anapiga simu, bodaboda anamalizia. Kwa mzigo inasaidia sana, ila barua za ofisi zinaendelea kupita sandukuni.

Kwa hiyo ukimjazia fomu mzazi wako wa kijijini usiishie kwenye S.L.P., weka kitongoji, namba ya nyumba na namba ya simu ya mtu anayepatikana, halafu waombe hao wanaotuma wapige simu siku hiyo hiyo barua inapotoka.